Benchi la Wasiokohoa

Marahaba, wanangu. Shikamoo yenu sijaisikia bado, lakini naipokea mapema, maana siku hizi mnapita na "mambo" mdomoni hata mbele ya bibi aliyestaafu. Binti wa dada yangu, muuguzi kama ninyi, ameniambia kwamba sasa mtu akikutwa na virusi vya Ukimwi asubuhi, mchana anaweza kuondoka na dawa zake mkobani. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikacheka peke yangu jikoni mpaka maharage yakashika chini ya sufuria. Tulishinda, jamani. Nyie mmekuta mlango uko wazi, ila sisi tuliusukuma kwa bega, na leo nataka niwasimulie ulivyokuwa mzito.

Mimi ni Nakijwa, Mpare wa Usangi. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi, na miaka yangu mizuri kuliko yote niliifanyia katika kliniki moja ndogo nyuma ya soko la Kariakoo, wakati dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure. Nilikaa chumba cha kwanza. Chumba hicho kilikuwa cha mtu aliyepokea majibu jana au juzi, na ambaye hajameza hata kidonge kimoja. Nilimpima uzito, nikamulika mdomo, nikamshusha kope la chini kuona kama ana damu, nikamwangalia ngozi, nikamsikiliza kifua, kisha nikamtoa damu ya kuhesabu CD4, wale askari wa mwili. Askari wakiwa wengi bado, taratibu za siku zile zilimtaka asubiri. Wakiwa wachache, aanze. Ninyi mnaiita tathmini ya awali. Sisi tuliita kumsoma mtu.

Na watu wa Kariakoo, wanangu, hawasomeki kirahisi.

Kumbukeni ilikuwa miaka ya soko huria. Kila kona duka la dawa, kila mtu daktari wa nafsi yake. Mgonjwa alifika kwangu akiwa ameshajitibu malaria, taifodi na minyoo, ameshanunua vidonge vya kuua wadudu kimoja kimoja kama pipi, na ameshapita kwa mzee mwenye mizizi kule Jangwani. Ukimuuliza, "Umewahi kutumia dawa yoyote?" anakujibu, "Hapana, Sista," bila kupepesa macho. Kwake yeye dawa ni ile uliyoandikiwa na daktari. Nikajifunza kuuliza, "Leo asubuhi umemeza nini? Na jana?" Hapo ndipo vinaanza kutoka mfukoni, kidonge cheupe, kidonge cha njano, unga kwenye karatasi ya gazeti.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni Sista Tausi, Mzaramo wa Ilala, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku zangu za mwanzo alikuja muuza suti za mitumba wa Mchikichini. Nikampandisha kwenye mizani, ikasoma vizuri tu. Nikampongeza. "Baba, hujambo kabisa, mwili umejaa." Sista Tausi akachungulia mlangoni, akamtazama yule bwana, akamwambia kwa upole, "Baba, joto hili lote, hebu vua koti upumue." Akavua koti. Chini yake kukawa na koti lingine. Chini yake sweta. Chini ya suruali kulikuwa na suruali, na chini ya hiyo nyingine tena. Nguo zikajaa kiti, na yule bwana akabaki mwembamba mpaka nikashika mdomo.

"Sista, nifanyeje?" alisema. "Mteja akiniona nimekonda hagusi suti zangu. Anasema nimezivua kwa maiti."

Alisema kwa uchungu lakini tulicheka wote watatu, hata yeye. Tangu siku ile Sista Tausi alinikataza kutazama mizani kwanza. "Tazama mkanda," alisema. Nanyi nawaambia hivyo hivyo. Mkanda wa mtu una matundu ya kiwandani, na una matundu aliyotoboa mwenyewe kwa msumari. Hesabu yale ya msumari. Mwanamke mtazame pete: kama imezungushiwa uzi kwa ndani ili isidondoke, kidole hicho kimepungua. Mtazame mtu ubavuni na mgongoni kama ana kovu la mkanda wa jeshi, ule upele wa malengelenge unaochoma kama moto na kupita upande mmoja. Mmulike mdomoni uone utando mweupe. Akikuambia anakula vizuri, muulize pilipili anaionaje. Aliyekuwa anaipenda na sasa imemshinda, koo lake lina vidonda.

Na wanaume, Mungu awasamehe. Wanawake wengi walitufikia wakiwa bado na nguvu zao, kwa sababu walipimwa kliniki ya wajawazito. Wanaume walikuja wakiwa wameshikiliwa makwapa, huku na huku, na bado wanakuambia, "Ni uchovu wa mizigo tu, Sista."

Maabarani alikuwepo Bwana Harish, Mhindi wa Kisutu, ambaye kaka yake alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa pili. Watu waliposikia kwamba dawa wanapewa wenye CD4 za chini tu, wakaanza kumfuata dirishani. Yaani mtu anapewa majibu kwamba askari wake bado ni wengi, badala ya kufurahi ananuna. "Bwana Harish, hizi ziko juu sana. Hebu zipunguze kidogo basi. Mwisho ngapi?" Bwana Harish alivua miwani yake, akaifuta taratibu, akajibu kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Ndugu, dukani kwa kaka yangu utapunguziwa. Hapa ni bei moja." Nilicheka, ila niliwaelewa. Mtu aliyezoea kuishi kwa kupatana bei hawezi kuamini kwamba kuna namba duniani isiyoshuka.

Sasa nije kwenye benchi.

Nje ya chumba changu kulikuwa na benchi refu la mbao, na benchi lile lilikuwa na chuo chake. Wenyeji waliwafundisha wageni. Waliambiana muuguzi gani mkali, wakaambiana waje na mtu wa karibu atakayewakumbusha dawa, na mengi ya maana. Lakini kulikuwa na somo moja lililoenea mpaka Ilala: usikohoe mbele ya Sista. Ukikohoa utaambiwa una kifua kikuu, utapewa kwanza dawa za kifua, na zile dawa zenyewe utazisubiri. Na watu walikuwa wamezika wengi mno mpaka neno kusubiri likawa kama tusi. Kwa hiyo walijibana. Walitafuna tangawizi, walifyonza pipi kali za mnanaa, walikwenda kukohoa kule nyuma karibu na jalala, wakarudi wamejifuta midomo, wakakaa kimya kama wako kanisani. Benchi la wagonjwa wa vifua, na hakuna anayekohoa!

Hatari yake mnaijua. Ukimpa mtu dawa za virusi na kifua kikuu kimejificha ndani, askari wake wakiamka wanamkuta mwizi sebuleni, wanaanza kupiga marungu hovyo gizani, na vinavyovunjika ni vyombo vya mwenye nyumba. Niliona mgonjwa akianza dawa kwa furaha na baada ya wiki chache anarudi anahema. Iliniuma sana.

Mama Aika aliingia chumbani kwangu asubuhi moja ya mwezi wa tisa. Mchaga wa Kibosho, mjane, ana duka la jumla la vyombo mtaa wa Congo, sufuria na sahani na chupa za chai zimepangwa mpaka darini. Alivaa gauni la mabega makubwa na kilemba kikubwa. Nikatazama pete: uzi. Mdomoni: utando. Kope la ndani limepauka kama karatasi. Askari wake walikuwa wachache mno, Bwana Harish alikuwa ameshaleta jibu. Kwa hesabu zote alistahili kuanza siku ile ile, na daktari alikuwa ameshakubali.

"Unakohoa?"

"Hapana."

"Homa za jioni? Jasho usiku?"

"Hapana."

Jambo moja likanishika. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Kariakoo, Mchaga, na ananijibu neno moja moja. Hakuuliza dawa zinatoka wapi, hakulalamikia foleni, hakuniambia nimemchelewesha kufungua duka. Na alinuka tangawizi. Nikaona huyu hanyamazi kwa adabu. Pumzi ndiyo haimtoshi, na anajua akifungua kinywa sana, kitu kitatoka.

Ningemuuliza tena angesema hapana tena. Kumlazimisha mtu mzima ni kumfukuza. Lakini mimi ni Mpare na yeye ni Mchaga, na sisi ni watani. Mtani wako anaweza kukutania hata msibani, mbele ya jeneza, na huna ruhusa ya kununa. Nikaweka kalamu chini.

"Mama Aika, leo sina haja ya kipimo. Ninyi Wachaga tunawajua. Mchaga akizimia, anadondoshewa sarafu karibu na sikio. Akifumbua macho, mzima. Asipofumbua, tunaita mchungaji."

Akanitazama. Midomo ikaanza kumcheza.

"Na Mpare je?" akasema. "Mpare akizimia..." akavuta pumzi, "hazikwi mpaka kesi ya kuku wake iishe mahakamani."

"Kesi ya kuku tumeshinda," nikamwambia. "Tumeuza ng'ombe watatu kumlipa wakili, lakini kuku tumempata."

Akacheka. Wanangu, alicheka kicheko cha mtu aliyekuwa hajacheka miezi, kikamtoka tumboni, na nyuma yake kikaja kikohozi. Kikaja kama maji ya bomba lililofunguliwa. Alikohoa akiwa ameinama, kilemba kikaanguka, akashika ukingo wa meza yangu kwa mikono miwili. Nikafungua dirisha wazi, nikampa kitambaa azibe mdomo, nikamshika mgongo, na chini ya yale mabega ya gauni nikahisi mifupa mitupu.

Alipopata pumzi alikuwa analia.

"Umeniua, Mpare."

"Nimekuokoa. Niambie kwa nini ulinificha."

Ndipo akasema. Mumewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Kule Kibosho aliacha kihamba, shamba la migomba la ukoo, na kihamba kile ndicho urithi wa watoto wake. Shemeji yake alikuwa anakimezea mate. Ameshaanza kusema kwamba mjane ana ngoma, hana siku nyingi, na watoto wataenda kwa wajomba zao. Na ninyi mnajua Desemba. Wachaga wote wanapanda nyumbani Kilimanjaro, Kariakoo nusu ya maduka yanafungwa. Asiyeonekana, ukoo unauliza.

"Nisipopanda, shemeji atasema nimeshakufa," alisema. "Nikipanda hivi nilivyo, watu wataona kwa macho yao kwamba nakufa. Nilitaka hizo dawa zinijaze mwili kabla ya Krismasi. Benchini wameniambia nikikohoa tu, basi."

Nilimwambia kama mtani, kwa sababu kama muuguzi nisingethubutu: "Kwanza tupime kohozi. Ukianza leo na kifua hicho, Desemba utapanda kweli. Basi litakuwa lako peke yako, na utakuwa umelala."

Kisha akafunga kilemba chake vizuri, akauliza, "Hilo kohozi mnataka la namna gani?"

Hapo nawapa ufundi, shikeni. Msimwambie mtu "teme hapa" mkaondoka. Atakupa mate, na mate hayana habari. Mwambie alete la alfajiri, kabla hajapiga mswaki, avute pumzi ndefu, aishikilie, kisha alitoe kutoka chini kabisa ya kifua. Tena akalitolee nje kwenye upepo, si chumbani mwenu. Mama Aika alileta kikopo chake kimefungwa ndani ya chupa ya chai mpya kutoka dukani, mtu asijue. Bwana Harish akainamia darubini yake. Kwa kawaida alituma karatasi, lakini siku ile alitoka mwenyewe, akanisogelea. "Sista, wadudu wamo. Wengi. Umewahi."

Nilikwenda kusimama nyuma ya stoo nikashukuru. Sioni aibu kusema.

Akaanza dawa za kifua kikuu. Kila asubuhi alipita kwangu kabla ya kufungua duka, akameza mbele ya macho yangu. Siku ya pili alikuja mbio, macho yamemtoka. "Sista, nakojoa Fanta!" Nilikuwa nimesahau kumwonya kwamba dawa ile inabadili rangi ya mkojo. Nikamwambia vizuri sana, na siku nitakayosikia mkojo umerudi kuwa wa kawaida mapema, nitajua dawa unazitupa. Njia hiyo nimeitumia mpaka nastaafu. Mgonjwa anayedanganya kwa mdomo, mkojo wake bado haujajifunza.

Wiki za mwanzo za dawa za kifua zilipokwisha na mwili ukazizoea, tukampa na zile za virusi. Ilikuwa imekaribia Desemba, na alikuwa bado mwembamba, anapanda ngazi kwa vituo. Akakata shauri kutopanda. Lilikuwa jambo zito, nisiwafiche. Siku ya Krismasi mtaa wa Congo ulikuwa mtupu, milango yote chini, na benchi langu lilikuwa na mtu mmoja tu. Nilikuwa nimebeba makande ya kwetu. Akayatazama. "Mahindi na maharage, siku ya Bwana kuzaliwa. Wapare hamna aibu." Akala, akaongeza, akafuta bakuli kwa kidole. Na nilipomwona anaongeza nilijua tumempata, maana hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko karatasi yoyote: mgonjwa anayekisema vibaya chakula na bado anaomba tena.

Januari habari zikashuka kutoka mlimani. Shemeji alikuwa ameng'oa masale, ile mimea inayopandwa mpakani na ambayo Mchaga haigusi hovyo, akaisogeza ndani ya kihamba cha marehemu. Aliwaambia watu kwamba mjane hayupo tena. Mama Aika alinisimulia akiwa amesimama, hataki kukaa.

"Kwa hiyo?" nikamuuliza.

"Kwa hiyo nipe vidonge vyangu."

Mwaka ule, wanangu, nilimwona mtu akirudi. Utando mdomoni ulikwisha, pilipili akaanza kuila. Uzi kwenye pete ulifunguliwa. Kisha pete yenyewe ikambana, akaja kulalamika kana kwamba ni mimi niliyemnenepesha kwa makusudi. Sauti ikarudi, na kwa hakika tuliisikia: akaanza kulalamikia foleni, akaanza kuniambia namchelewesha.

Siku moja nilikuwa ndani na mgonjwa, nikasikia sauti yake kule benchini, kubwa, haijali nani anapita barabarani.

"Nyie, kohoeni! Mnabana nini? Mimi nilijibana hapo hapo ulipokaa wewe baba, nusura nijizike. Mama wa Congo mnanijua, nauza sufuria, si mzimu. Nilikuwa na kifua kikuu, nikakimaliza, nikapewa na hizo nyingine, na mimi ni huyu. Kohoeni huyu Mpare awasikie!"

Halafu mzee mmoja akakohoa. Halafu mwanamke. Halafu benchi zima, wanangu, likakohoa kama vile limepewa ruhusa na serikali. Sista Tausi alikuja akikimbia na vitambaa vya kuziba midomo, anapiga kelele watu wahamie uani kwenye hewa, na machozi yanamtoka kwa kucheka. Bwana Harish alipata kazi wiki ile mpaka akaomba msaidizi. Somo la benchi likabadilika kuanzia siku hiyo, na likaenea mpaka Ilala kwa njia ile ile ya zamani, mdomo kwa mdomo.

Kisha Desemba ikafika tena. Alifunga duka, akanunua kitenge kipya, akapanda. Alikuwa na dawa zake kwenye mkoba, na nilimwambia azimeze hata kama mkwewe anatazama. Nilikaa na wasiwasi sikukuu nzima. Kuwa na afya ni jambo moja, kusimama mbele ya ukoo ni jambo lingine.

Alirudi Januari, akaja moja kwa moja kutoka kituo cha mabasi, na ndizi za kwangu begani.

"Walichinja mbuzi," alisema kabla sijamkaribisha. "Ukoo wote umekaa. Shemeji ameshika kisu, anagawa, nyumba hii fungu lake, nyumba ile fungu lake. Akafika kwangu akanipita. Nikasimama. Nikamwambia, nyumba ya kaka yako imekaa hapa, fungu lake liko wapi? Akasema amesikia mimi mgonjwa. Nikamwambia ni kweli, naumwa, na dawa nameza, na nimekuja kwa miguu yangu kutoka barabarani mpaka huku juu. Wewe mzima mbona unahema? Watu wakacheka, Mpare! Mama mkwe akanyanyuka, mzee yule, akamnyang'anya kisu, akakata yeye. Na kesho yake wazee wakaja wakayarudisha masale palipokuwa, mimi nimesimama pale pale nawaonyesha."

"Na lile fungu?" nikamuuliza.

"Lilikuwa la watu wanne. Nilikaa chini mbele ya shemeji, nikala. Lote. Mfupa nikauvunja kwa meno."